Kile Chumba cha Zambarau: Kwa Nini Friends Haichuji

Mtu anayeijua Friends, komedi ya runinga ya Marekani kuhusu marafiki sita wa New York, hakutajii namba ya episodi. Atakwambia ile ya kupandisha kochi ngazini, ile ya bata mzinga kichwani, ile ambayo Joey kavaa nguo zote za Chandler. Walioitunga, David Crane na Marta Kauffman, waliliona hilo mapema. Karibu kila episodi kati ya zile 236 imepewa jina linaloanza hivyo hivyo: ile ya kitu fulani, ile ambayo fulani kafanya hivi. Walijua watu wakikutana kazini kesho yake hakuna atakayetaja jina la kisanii, watasema "umeiona ile ya jana?" Kwa Kiswahili jina la namna hiyo halihitaji hata maelezo, maana ndivyo tunavyosimulia kila kitu, kuanzia mechi mpaka msiba.

Ukiuliza kwa nini watu wanairudia mara ya tano na ya sita, jibu la haraka ni kumbukumbu za ujana. Jibu hilo silikubali. Kituo cha NBC cha Marekani kiliirusha mara ya kwanza tarehe 22 Septemba 1994 na kuifunga tarehe 6 Mei 2004. Wapo vijana waliozaliwa baada ya hapo wanaoijua kuliko wazazi wao, na mtu hawezi kutamani ujana ambao hakuwa nao. Mwishoni mwa 2018 Netflix iliripotiwa kukubali kulipa takriban dola milioni 100 ili tu ibaki nayo Marekani kwa mwaka mmoja zaidi, 2019. Pesa ya namna hiyo hailipiwi kumbukumbu za watu wa makamo peke yao. Kinachowarudisha watu ni chumba, na namna chumba kile kilivyotengenezwa.

Kuta zake ni tatu. Upande wa nne ndiko zilikokuwa kamera nne, na nyuma yake ngazi za viti vya hadhira, watu kama 300 hivi, ndani ya jengo namba 24 la studio za Warner Bros. huko Burbank, California (msimu wa kwanza ulipigwa katika jengo namba 5). New York yenyewe haimo. Ni picha za nje tu zinazopachikwa katikati. Mbunifu wa seti, John Shaffner, alizipaka kuta za kwa Monica, mmoja wa wale sita, rangi ya zambarau kwa hoja ya kibiashara kabisa: mtu anayebadilisha chaneli kwa rimoti ajue papo hapo amefika wapi, kabla hajaona sura ya mtu. Angalia pia mlango. Mwanzoni nyumba ilikuwa namba 5, baadaye ikawa 20, kwa sababu walishtuka kwamba namba 5 haiwezi kuwa ghorofa ya juu vile. Wachache sana walionung'unika. Lakini jaribu kufikiria wangeliondoa lile fremu la manjano kwenye tundu la kuchungulia.

Mwanga nao una historia yake. Mwaka 1951 waigizaji mume na mke, Desi Arnaz na Lucille Ball, walipotaka kupiga komedi yao ya runinga, I Love Lucy, kwa kamera tatu za filamu ya milimita 35 mbele ya hadhira, tatizo lilikuwa taa. Filamu ya kawaida ilipigwa kwa kamera moja, na taa zikapangwa upya kila kamera ilipohama. Mpiga picha wao, Karl Freund, alizipandisha taa juu, mwanga ukamwagika sawasawa chumba kizima, kamera zote zikapiga kwa pamoja bila kusimama. Komedi za sebuleni zimerithi mwanga huo mpaka leo. Ndiyo maana kwa Monica hata saa sita za usiku hakuna kona yenye giza la kutisha.

Halafu hakuna anayepiga hodi. Kwetu mtu kuingia bila hodi ni utovu wa adabu, au ni ndugu wa damu. Watunzi wanalitumia hilo kila dakika chache: mlango unafunguka, mtu anaingia akiwa tayari katikati ya sentensi, na dakika 22 za episodi haziruhusu zaidi ya hapo. Ukiwa na muda mfupi hivyo, ukiutoa utangulizi wa kabla ya wimbo na kile kipande cha mwisho, huna nafasi ya salamu. Matokeo yake mtazamaji anapata kitu ambacho mjini kimekuwa adimu, nyumba ambayo mtu huingia tu na kufungua friji. Wakenya walioikulia Vioja Mahakamani wanalijua hili kwa njia nyingine: korti ni ile ile, kizimba ni kile kile, na mshtakiwa mpya akipanda tu unajua kicheko kitatokea wapi. Mahali pakishazoeleka, kazi ya kuchekesha nusu imekwisha.

Anayetaka kuuona ufundi huu kwa karibu aanze na episodi ya pili ya msimu wa tatu, ile ambayo hakuna aliye tayari, ya Septemba 1996. Ilitungwa kwa kubana matumizi: seti moja, wahusika wale sita, basi. Ross anataka wote watoke kwenda kwenye shughuli ya jumba la makumbusho, na muda wa hadithi ni karibu sawa na muda unaotazama. Chandler kainuka kwenda chooni, Joey kamkalia kiti. Phoebe kamwagikiwa kitu kwenye gauni. Monica kang'ang'ania ujumbe wa simu wa mwanaume waliyeachana. Rachel hajui avae nini. Fuatilia kile kiti peke yake. Kinaanza kama utani wa kitoto, kinaondoka machoni, kinarudi, na kila kikirudi kimepanda daraja, mpaka Joey anaingia kajivika kabati zima la nguo za Chandler na kuanza kuchuchumaa. Katikati ya vurugu hiyo Ross anamfokea Rachel mbele ya watu, na chumba kinapoa ghafla. Bajeti ndogo, ila hakuna sekunde iliyopotea.

Kicheko unachokisikia ni cha watu waliokaa pale. Usiku mmoja wa kurekodi ulikula saa tano au zaidi. Mzaha ukilala, watunzi wanakusanyika pale pale, wanauandika upya, wanarudia. Fundi wa sauti baadaye hukipunguza kicheko au kukiunganisha, maana mara ya kwanza ndiyo watu hucheka kwa dhati, na mara ya tatu wanacheka kwa heshima tu. Mfano unaojulikana zaidi ni wa mwisho wa msimu wa nne, mwaka 1998, uliorekodiwa London. Monica alipochomoza chini ya shuka kwenye kitanda cha Chandler, hadhira ililipuka kiasi kwamba watunzi, waliokuwa wamepanga jambo la kupita, waliuacha uhusiano ule ukue mpaka ndoa.

Kwa hiyo zile video za mtandaoni zinazofuta vicheko, kisha kuonyesha kwamba Ross ni mtu wa kutisha, hazithibitishi kitu. Waigizaji walikuwa wakisubiri kicheko kipite, sekunde mbili, tatu, ndipo waseme neno linalofuata. Ukifuta kicheko ukaliacha pengo, umeondoa ngoma ukawaacha wachezaji wanacheza.

Sasa tuje kwenye yanayoiharibu, kwa sababu wengi wanaotazama leo hawaoni kilichotazamwa mwaka 1996.

La kwanza ni umbo la picha. Friends ilitungwa kwa skrini ya zamani, upana nne kwa kimo tatu. Ilipotayarishwa upya kwa diski za Blu-ray mwaka 2012, walirudi kwenye filamu ya milimita 35, ambayo ilikuwa na picha ya ziada pembeni, wakaijaza skrini ya 16 kwa 9. Picha ni safi sana, sibishi. Lakini pembeni mle hakukuwa kumepangwa kitu. Kuna sehemu unaona ukingo wa seti, na kuna sehemu mahali pa mhusika unayemjua kakaa mtu mwingine kabisa, aliyeshikilia nafasi tu kwa kuwa mwigizaji mwenyewe hakuhitajika kwenye fremu. Ukishamwona huyo mtu, kila ukirudi utamtafuta.

Seinfeld, komedi nyingine ya Marekani ya enzi hizo, ilipata ajali kubwa zaidi. Ukiikata picha ya nne kwa tatu juu na chini ili iwe pana, unapoteza robo ya kimo chake. Ilipoingia Netflix mwaka 2021, watu waligundua kwamba kwenye episodi inayohusu shimo la barabarani, shimo lenyewe limekatwa. George, mmoja wa wahusika wake, anaangalia chini, na chini hakuna kitu.

Baya kuliko yote ni lile la nyumbani kwetu, la kuvuta picha ya nne kwa tatu mpaka ijaze tivii. Sura zinapanuka, wote wanakuwa wafupi na wanene, na mtu anatazama hivyo miaka. Ingia kwenye menyu ya picha, chagua 4:3 au ukubwa wa asili, kubali ile mistari myeusi ya pembeni. Hapo hapo zima kitu kinachoitwa kulainisha mwendo, ambacho tivii mpya nyingi huja nacho kimeshawashwa. Filamu ilipigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Tivii inatunga nyingine za kujazia katikati, na Central Perk, ule mkahawa wao wa kahawa, inaanza kufanana na video ya harusi.

Kasi pia huchezewa. Mwaka 2015 ilibainika kwamba chaneli moja ya Marekani ilikuwa ikiirusha Seinfeld kwa mwendo uliozidi wa asili kwa takriban asilimia 7, ili zipatikane dakika za matangazo. Macho hayagundui kirahisi. Sikio ndilo linalohisi kwamba mtu hapumui pale alipozoea kupumua.

Kwa wanaotaka diski, jihadharini na kanda, yaani sehemu ya dunia ambayo diski imeruhusiwa kuchezwa. Boksi la kutoka Marekani ni kanda ya 1; la Uingereza, na hata la Muscat au Dubai, ni kanda ya 2; Afrika Mashariki ni kanda ya 5. Ndugu akikutumia zawadi hiyo, deki ya kawaida itaikataa. Tafuta deki ya kanda zote. Ukitumia kompyuta, kumbuka kwamba kisoma DVD kwa kawaida hukuruhusu kubadili kanda mara tano tu, kisha kinajifunga kwenye ile ya mwisho. Faida ya DVD za Marekani ni kwamba episodi nyingi zina vipande vilivyoondolewa wakati wa kurushwa. Blu-ray ilirudi kwenye urefu wa runingani. Na mwenye mafaili kwenye flashi, akikuta maandishi ya chini hayaendani na maneno kuanzia katikati ya msimu wa pili, tatizo ni ile episodi ya Januari 1996 ya baada ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani. Ni ndefu mara mbili. Wengine huihesabu kama moja, wengine mbili, na namba zote za mbele yake zinasogea.

Si kila kitu mle ndani kimezeeka vizuri. Utani wa unene wa Monica enzi za shule, na ule wa mzazi wa Chandler aliyebadili jinsia, leo unapita kwa shida. New York isiyo na watu weusi ni jambo la ajabu, hasa ukikumbuka kwamba Living Single, ya marafiki weusi sita wa Brooklyn, ilianza mwaka mmoja kabla, 1993, na ilitengenezwa na Warner Bros. hao hao. Kauffman mwenyewe alikiri kosa, na mwaka 2022 akaahidi dola milioni 4 kwa Chuo Kikuu cha Brandeis kwa ajili ya masomo ya Afrika na Waafrika wa Marekani. Mimi nasema itazame, na ile ya marafiki wa Brooklyn itazame pia, tena inachekesha.

Kwa hesabu ya dakika 22, episodi 236 ni kama saa 86 na nusu. Mbili kila usiku kabla ya kulala ni siku 118, karibu miezi minne. Ukifika mwisho utakikuta chumba kitupu. Fanicha zimeondoka, kuta zimebaki, wote sita wanaweka funguo zao mezani na kutoka kwenda kunywa kahawa. Kamera haiwafuati. Inabaki ndani, inazunguka taratibu ukutani mpaka mlangoni, inasimama kwenye lile fremu la manjano. Ni sekunde chache tu, na programu nyingi za kutazamia huipunguza picha pale pale ikawa kidirisha kwenye kona, zikaanza kukuhesabia tamthilia nyingine. Zima uchezaji wa kujiendesha kwenye mipangilio kabla hujaianza hiyo episodi.