Bakapu ya ruta inayokataa kurudi

Jamani hii ya ruta kukataa bakapu yake yenyewe ya mipangilio ukishaapdeti famuweya (ile programu ya ndani inayoiendesha) inaniudhi sana. Juzi usiku nimefuata kila kitu, nimeingia 192.168.0.1, ukurasa wa mipangilio ya ruta, kwa waya sio waifai, nimesevu bakapu, nimegeuza ruta nikasoma stika ya chini imeandikwa V3, yaani toleo la kifaa chenyewe, nikapakua faili la famuweya la V3 hilohilo, na nimeichomeka kwenye UPS (betri ya akiba) maana umeme ukikatika katikati ndo basi tena. Ikaapdeti, ikawaka vizuri. Narudisha bakapu, inaniambia faili ni la toleo la zamani la famuweya, halifai! Sasa si waseme mapema?? Afadhali jina na paswedi ya PPPoE, zile ruta inazotumia kuingia intaneti ya kampuni, nilikuwa nimeziandika kwenye daftari, saa sita usiku ile ningempigia nani?