Chokaa ya Lamu: tulilaumu tanuu au kuni?

Kila zinapoanza kazi za ukarabati Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, hoja ileile hurudi barazani: chokaa inamaliza mikoko, basi tupige lipu ya saruji yaishe. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Tanuu la chokaa la Lamu ni rundo la duara la magogo, na juu yake hupangwa mawe ya tumbawe yaliyopasuliwa. Moto huwaka usiku kucha, na kuni zilizopendwa tangu zamani ni mikoko, kwa sababu huungua polepole na kwa joto kali. Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na anayeililia hana kosa. Kosa huanza pale jiwe, kuni na chokaa vinapotiwa kapu moja.

Jiwe kwanza. Wengi wakisikia tumbawe hufikiria lile lililo hai baharini. Mafundi wa kale walijua kuna mawili, na kila moja lilikuwa na kazi yake. Lile laini la mwambani lilikatwa maji yakikupwa na kuchongwa likiwa bichi, kabla halijakaza. Hilo lilikuwa la zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, mihirabu na nakshi za milango. Leo hakuna sababu ya kuligusa. Jiwe la kuta na la tanuu ni la nchi kavu, kama lile linalochimbwa Maweni, kisiwani Manda. Ni miamba ya matumbawe yaliyokufa zaidi ya miaka 120,000 iliyopita, bahari ilipokuwa mita kadhaa juu ya ilipo sasa. Bahari ilishuka, mvua ikapenya mwambani, ikayeyusha chokaa hapa na kuigandisha pale. Ndiyo maana juu kuna gamba gumu linaloirudisha sululu, na chini yake jiwe jepesi, lenye matundu, linalokatika kwa mkono.

Mchimbaji huvunja gamba kwa mtarimbo, hukata mfereji kuzunguka jiwe, kisha huling'oa kutoka chini. Akichimba chini ya ukingo bila kuuacha na mteremko, ukingo humwangukia. Akienda chini mno hukuta maji ya chumvichumvi, na shimo huwa dimbwi la mbu. Mashimo hayo ni lalamiko la haki. Lakini mawe yanayovunjika vibaya, yasiyofaa kujengea, ndiyo yanayofaa kuchomwa, kwa hiyo tanuu halihitaji shimo la peke yake. Na shimo laweza kutibiwa: Bamburi, wenye kiwanda cha saruji Mombasa, walianza kupanda mivinje katika machimbo yao mwaka 1971, na leo pale ni msitu.

Bamburi wanafaa kutajwa kwa jambo jingine pia. Kiwanda chao kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na malighafi yake ilikuwa mwamba wa matumbawe wa pwani hiihii. Saruji nayo imeanzia kwenye tumbawe. Tofauti ni moto: chokaa huiva kwenye nyuzi 900 hivi za Selsiasi, saruji huhitaji karibu 1,450. Moshi wa saruji hatuuoni kwa kuwa mfuko hutufikia Lamu ukiwa umeshashonwa.

Kila kilo 100 za jiwe safi la chokaa hutoa kilo 56 za chokaa hai, yaani isiyozimwa kwa maji, na kilo 44 hupaa kama kaboni dioksidi. Chokaa hiyo ikizimwa kwa maji na kupigwa ukutani, huanza kuivuta kaboni dioksidi kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe, milimita baada ya milimita, miezi na miaka. Kilo 44 zile hazirudi zote kwa siku moja, na moshi wa kuni haumo katika hesabu hii. Hata hivyo lipu ya chokaa inayokomaa ukutani inarudisha sehemu kubwa ya ilichotoa, na inakuwa jiwe la aina moja na ukuta ulioibeba.

Hapo ndipo penye uzito. Ukuta wa Lamu ni mnene, nusu mita na zaidi, umejaa matundu, na mguu wake uko katika ardhi yenye unyevu wa chumvi. Maji hupanda kama mafuta kwenye utambi. Lipu ya chokaa huyaacha yatoke. Chumvi huganda usoni, lipu humomonyoka kidogo kidogo, nawe huirudia baada ya miaka. Inakufa lipu ili jiwe lipone. Ukiufunika ukuta huo kwa saruji, maji hayatoki. Chumvi huganda nyuma ya lipu na kulisaga jiwe, na unyevu hutafuta pa kutokea juu zaidi. Huko juu ndiko ziliko ncha za boriti.

Boriti ni mkoko. Dari ya nyumba ya kale ni safu ya boriti zilizolala ukuta hadi ukuta, na urefu wake ndio uliofanya vyumba vyetu viwe vyembamba, upana usiozidi mita tatu. Ncha iliyozungukwa na unyevu huoza ndani ya ukuta, mahali pasipoonekana, mchwa humalizia, na siku dari inapolegea hubadilishwa safu nzima. Boriti ya dari haitokani na mti wowote: ni lazima iwe nene, ndefu na iliyonyooka, yaani mkoko ulioachwa ukakua kwa miaka mingi. Kuni za tanuu zaweza kuwa kitu kingine. Boriti ya dari ya kale haina mbadala wa karibu. Basi anayepiga saruji ili kuuokoa mkoko anaweza kujikuta anakata ule ulio bora kuliko wote.

Wapenzi wa saruji wana mahali pao. Chokaa tupu haigandi chini ya maji, kwa hiyo msingi unaopigwa na mawimbi na nguzo za gati si kazi yake. Nyumba mpya ya ghorofa tatu yenye tangi la maji juu ya paa inahitaji zege, mradi mchanga usiwe wa ufuoni, maana chumvi yake huozesha nondo, na kutu huvimba ikalipasua zege. Saruji pia hukaza siku hiyohiyo, na mwenye nyumba anayelipa vibarua kwa siku anaijua thamani ya jambo hilo.

Uvivu ndio unaoiharibia chokaa jina. Jiwe lisiloiva hubaki changarawe. Lililoiva kupita kiasi huchelewa kuzimika, na mbegu zake huvimba lipu ikishapigwa na kuacha vidonda. Dawa ni kuiacha chokaa iliyozimwa shimoni chini ya maji kwa wiki nyingi, kuichuja, kisha kuchanganya kipimo kimoja na vitatu vya mchanga uliooshwa. Ukutani ipigwe tabaka nyembamba, ifunikwe kwa magunia yenye maji. Upepo wa kaskazi ukiikausha kabla haijakomaa hupasuka, na lawama humwendea marehemu babu aliyetufundisha.

Katazo, kama lipo la kutolewa, liwekwe kwenye kuni. Minazi iliyozeeka na vifuu vyake huwaka vizuri. Mti wa mathenge umevamia Tana River hadi wafugaji wanautafutia dawa, na magogo yake ni kuni kali. Tanuu la kuta lenye mlango wa hewa pia hula kuni chache kuliko rundo la wazi linalopoteza joto pande zote. Zabuni za ukarabati nazo ziagize chokaa miezi kabla ya kazi: mashimo yajazwe wakati wa kaskazi, masika yapite, na lipu ianze kupigwa hewa ikiwa bado na unyevu.