Yai Moja Tu, Jamani

Juu ya friji yetu kulikuwa na trei ya mayai. Mayai 30. Niliyahesabu mwenyewe usiku kwa tochi ya simu, kama mwizi, ndani ya nyumba ninayoilipia kodi. Asubuhi yake nikanywa chai kavu.

Mayai yalikuwepo, ila yalikuwa na kazi. "Baba Neema, usiyaguse hayo, ni ya mradi." Mimi nimeona mradi wa maji, nimeona mradi wa barabara, nimeona mradi wa mwendokasi ulivyotukalisha kwenye vumbi. Mradi wa mayai yasiyoliwa nimeuona mwaka huu.

Chanzo ni shemeji. Mdogo wake mke wangu anaishi Leipzig, Ujerumani, na kila ikifika Machi anatutumia video. Anasema huko baridi inaondoka, miti inachipua, watu wanafungua madirisha, wanakata vijitawi, wanaviweka kwenye chombo cha maji sebuleni na kutundika mayai ya rangi. Wanaukaribisha msimu. Sawa. Mtu aliyekaa miezi mitano ndani ya makoti matatu akiona jani bichi ana haki ya kushangilia. Lakini hapa Dar Machi ni masika! Majani yanachipua bila kukaribishwa na mtu. Kwangu yameota mpaka kwenye ndoo ya kudekia. Msimu wenyewe mimi nauomba uondoke.

Mama Neema hakunisikia, alikuwa anairudia video mara ya tatu. Mapambo rahisi ya Pasaka kwa vitu ulivyo navyo nyumbani. Nikauliza, vitu gani hivyo? Akataja: siki, manjano, kabichi la zambarau, pamba, gundi, rangi za maji, unga wa ngano kilo mbili, chumvi, na mayai meupe.

Katika hivyo vyote, nyumbani tulikuwa na chumvi.

Na hapo kwenye mayai meupe pana jambo. Mayai ya kisasa ya pale dukani kwa Mangi yana ganda la kahawia, rangi haionekani vizuri. Ikabidi yatafutwe ya kienyeji, yale yenye weupe weupe. Ya kienyeji mimi huwa nanunuliwa nikiwa na malaria tu, tena mawili. Safari hii trei nzima, na hakuna anayeumwa.

Pasaka yenyewe ingekuwa na adabu ya tarehe, kama Krismasi, mtu angejipanga. Hii inafuata mwezi wa angani: Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia 21 Machi au baada yake. Inaweza kukuangukia 22 Machi, inaweza kukuangukia 25 Aprili. Mwaka 2025 ilikuja tarehe 20 Aprili, ukame wa mfukoni umeshika kwelikweli, mradi hata haukuzungumzwa. Mwaka huu wa 2026 ikapangwa 5 Aprili, mshahara bado una joto. Nikasema Mungu ni mwema. Kumbe nilikuwa nashangilia hatari.

Basi, maganda ya vitunguu. Ukiyachemsha nusu saa, ukachuja, ukatia siki vijiko viwili, unapata rangi ya kutia mayai. Ila yawe mengi, na mengi maana yake mfuko mzima. Vitunguu vyetu vya wiki havijazi hata kiganja. Nikatumwa gengeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, nikupe nini leo?"

"Naomba maganda ya vitunguu."

Akaacha kufunga mafungu ya mchicha. "Vitunguu?"

"Hapana, maganda tu."

"Unafuga?"

"Ni ya mayai."

"Kuku wako wanakula maganda ya vitunguu?"

"Mama, ni ya Pasaka."

Akanyamaza. Akanifungia mfuko bila kunidai senti, kisha akaongeza kitunguu kimoja kilichoanza kuoza ubavuni. "Mpelekee mama watoto. Mambo yatakaa sawa tu." Tangu siku ile akiniona ananisalimia kwa sauti ya msibani.

Video inaendelea: chukua jani dogo, lilaze juu ya yai, libane kwa kipande cha soksi nyembamba ya nailoni, funga kwa uzi, ndipo uchemshe. Jani tulikuwa nalo, giligilani. Soksi ya nailoni hatuna. Chandarua tunacho. Kimekatwa wapi, hilo nililijua usiku, kwa sababu kimekatwa upande wangu, usawa wa sikio, tundu la ukubwa wa kisahani. Masika, Dar es Salaam. Mbu hawakuhitaji hata kupanga foleni.

Mayai yakachemka dakika 10, yakalala humo humo kwenye rangi mpaka asubuhi. Tukakusanyika wote jikoni. Mama Neema akalitoa la kwanza kwa kijiko, akalifuta kwa upande wa kanga, akakata uzi, akaibandua giligilani kwa ncha ya ukucha, polepole, kama anatoa plasta kwenye kidonda cha mtoto. Kweli bwana, jani limeacha umbo lake jeupe, na vimeno vyake vya pembeni, na kikonyo chake. Neema akapiga makofi. Hata mimi nilisogea karibu, sitasema uongo.

Halafu nikaangalia sehemu nyingine ya yai. Kahawia. Kahawia ile ile ya kwa Mangi! Tumenunua meupe kwa bei ya juu, tumemaliza gesi, nimetafunwa na mbu usiku kucha, ili tupate rangi ambayo kuku wa kisasa anaitoa bila jiko.

Nikalisema hilo kwa sauti. Lilikuwa kosa. Nikahamishiwa kitengo cha kupuliza.

Mayai ya kutundika hayachemshwi, yanatolewa vilivyomo. Unatoboa tundu dogo juu kwa sindano, kubwa kidogo chini, unaingiza kijiti kukoroga kiini, unaweka mdomo, unapuliza. Rahisi. La kwanza nililibana mno, likapasukia kidevuni. La pili lilinigomea, nilipuliza mpaka masikio yakaziba na Baraka akauliza, "Baba, mbona macho yanataka kutoka?" La tatu ute ulitoka uzi mrefu ukaning'inia pale, hauanguki, haurudi, tumebaki tunatazamana. Kufika la nane mashavu yananiuma kama ya mpiga tarumbeta aliyezunguka na maharusi tangu saa sita mchana. Katika mayai 12 niliyopewa, mazima yalitoka 9.

Lakini hapa nikachangamka. Maana vilivyotoka viko kwenye bakuli! Mayai 12, viini vimewiva rangi ya machungwa, vinameremeta. Nikaanza kumenya viazi mwenyewe. Nilikuwa naipigia hesabu chipsi mayai, zege la historia, chipsi zinakatika, mafuta yanalia. Nikageuka kuchukua bakuli. Baraka yuko pale na brashi. Ana miaka mitano, wenzake wote wanapaka mayai rangi kwa nje, yeye akaona zamu ya ndani haijapata mtu. Bluu. Chupa nzima ya rangi ya maji, na amekoroga vizuri kabisa.

Nilikula chipsi kavu.

Kesho yake nimerudi kazini nakuta beseni limefunikwa kitambaa, ndani donge la unga laini, limekandwa likakandika. Moyo ukaruka: chapati! Nikaoga haraka, nikavaa msuli, nikakaa mezani kwa heshima. Saa mbili. Saa tatu. Ukaja ugali na mchicha.

"Na ule unga, mama Neema?"

"Ule wa sungura."

Kumbe unga vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, maji kikombe kimoja, unafinyanga unachotaka kisha unakausha. Kikombe kizima cha chumvi. Hilo wala sikuhitaji kuambiwa, nilishachota kipande wakati napita kwenda bafuni. Wakafinyangwa sungura 14, wakapangwa kwenye ungo. Shemeji anasema wao wanakausha kwenye oveni kwa moto mdogo. Oveni yetu ni jua, na jua lilikuwa likizo. Chumvi nayo inavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo siku ya tatu sungura wakaanza kutoa jasho. Siku ya tano masikio yote yamelala chini. Neema akasema si neno, sasa ni mbwa.

Na mimi nauliza, sungura na mayai wapi na wapi? Sungura ninayemjua mimi ni yule wa hadithi za bibi, anakula karanga za shamba la watu halafu anamsingizia fisi. Huyo umkabidhi mayai akagawie watoto? Mama Neema akafungua simu kuleta ushahidi: mwaka 1682 daktari mmoja Mjerumani, Georg Franck von Franckenau, aliandika juu ya sungura anayeficha mayai vichakani ili watoto wayatafute. Tena daktari huyo huyo akaonya kwamba kula mayai mengi kuna madhara. Alipofika hapo akanikazia macho mimi. Mimi! Mtu ambaye hajaonja hata moja.

Akaongeza kwamba zamani huko Ulaya Kanisa lilikataza mayai kipindi chote cha Kwaresima, na kuku hawakuarifiwa, wakaendelea kutaga, ikifika Pasaka mayai yamejaa mpaka watu hawajui wayapeleke wapi. Hao nawaelewa. Walifunga, wakafungua. Mimi mfungo wangu unapita Pasaka unaelekea Pentekoste.

Mengine nayapitia haraka haraka, yananipandisha presha. Maganda yaliyopasuka yakatiwa pamba na mbegu za mchicha, yakapangwa dirishani. Yameota, ndiyo, mboga ya mtu mmoja, mtu mwenyewe awe ameshiba. Kabichi la zambarau linatoa rangi ya bluu, nilibisha, nikaaibika. Na vile viguzo vya katikati ya karatasi ya chooni vilihitajika sita vya kutengenezea vifaranga. Vitupu tulikuwa navyo viwili. Vinne vilivyobaki vikavuliwa karatasi zake zikiwa mpya. Ukiingia chooni kwetu leo utakuta karatasi yote imefumuka ndani ya mfuko wa sulufeti, unapapasa humo kutafuta ncha.

Katika vurugu hili lote, kitu kimoja tu kilikamilika kwa wakati. Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Matawi alikuja mama mkwe. Akakaa kwenye mkeka, akachana ukuti wa mnazi, akakunja huku, akapitisha kule, akavuta. Msalaba. Hajamaliza hata kuniuliza habari za kazini, ishafika minne. Hakuangalia video, hakutumia gundi, hakugusa yai. Na misalaba ile haipotei bure, inakaa ukutani, mwaka ujao inarudishwa kanisani kuchomwa ipatikane majivu ya Jumatano ya Majivu. Nilimwomba mama ahamie kwetu kabisa. Mara ya kwanza kwenye ndoa yangu.

Wiki Kuu ilipofika nikaona nimwonyeshe mke wangu mwisho wa mambo haya ni nini. Huko huko Ujerumani, mji wa Saalfeld, mzee mmoja aitwaye Volker Kraft alitundika mayai 18 kwenye mti bustanini kwake mwaka 1965. Ya plastiki, mambo madogo tu ya familia. Akaongeza, akaongeza. Wakaishiwa, wakaanza kutoboa mayai ya kweli, yale waliyokuwa wakila nyumbani. Mwaka 2012 mti ule ule ulikuwa na mayai 10,000! Watu walikuwa wanasafiri kwenda kuutazama. Nilimsomea haya kwa sauti nzito, kama onyo la hali ya hewa.

Akaniangalia. "Alianza na 18?"

"Ndiyo."

"Sisi tuna 9. Tupo nusu yake." Halafu akanyanyuka. "Kumbe wanatundika nje?"

Basi mayai yakahama sebuleni, yakaenda kwenye mpera wa uani. Asubuhi ya Pasaka mvua ilikuwa imekatika, yakaning'inia 9, ya bluu, ya njano, mengine na madoadoa, yanazunguka kwenye nyuzi zake. Yale 18 ya kuchemsha yalifichwa kwenye majani ili watoto wetu wawili wayatafute. Wakaja watoto wa mtaa mzima. Nilikuwa nimejiwekea akilini moja la giligilani, lile karibu na karo. Nilipolifikia nilikuta ganda.

Nikarudi barazani na kikombe changu cha chai. Kavu.

Ndipo akatua kunguru. Wale kunguru wetu weusi wa shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, tangu hapo hawajawahi kuomba ruhusa ya mtu. Akatua kwenye mpera, akainamisha kichwa, akachagua yai la njano, akalikwanyua na uzi wake. Akaruka nalo mpaka juu ya bati la jirani. Akalibana kwa mguu. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaligonga mara moja kwa mdomo.

Ko.

Tupu. Akaingiza mdomo ndani, akautoa. Akaligeuza upande wa pili, akachungulia lile tundu nililolitoboa mimi kwa sindano. Kisha akainua kichwa, akanitazama, muda mrefu, bila kupepesa.

Nikamwinulia kikombe aone.