Mshika mbili, eti!

Jumapili mezani nilimwonyesha mjomba picha za kazi za Rebecca Belmore, msanii wa Kanada kutoka Waanishinaabe, moja ya jamii asilia za huko. Akafuta miwani, akatazama weee, kisha: "Sasa huyu ni seremala au mwigizaji?" Nikamwambia vyote, ongeza video, picha na uchongaji. "Basi hana fani. Mshika mbili moja humponyoka." Akarudia pilau yake, kesi imekwisha.

Haijaisha.

Mwaka 1990 huko Oka, Quebec, watu walitaka kupanua uwanja wa gofu hadi kwenye misonobari na makaburi ya Wamohawk, jamii nyingine ya asilia. Gofu, jamani! Siku 78 za mvutano, mpaka jeshi likaletwa. Mwaka uliofuata Belmore akatoa kipaza sauti cha mbao, mdomo wake mpana kama mita 2. Hakukiacha ndani ya jumba la sanaa watu wakitazame na glasi za mvinyo mkononi. Alikizungusha kwenye jamii za wenyeji, watu wakasimama nyuma yake wakaiambia ardhi yaliyowajaa. Haya mjomba, useremala umeishia wapi hapo? Bila mtu wa kusema, kile ni mbao tu.

Vancouver, 2002. Wanawake walikuwa wanapotea, wengi wao wa jamii asilia, na waliopaswa kuwatafuta wanajikokota. Alisimama barabarani, majina yao kayaandika mikononi kwa wino mweusi. Akawa anayaita kwa kupayuka, na kila jina anapitisha ua waridi katikati ya meno, miiba na yote. Angechora? Rangi gani inaita jina la mtu?

Sawa, sanaa ya msanii kutumia mwili wake mbele ya watu hunichosha mara nyingine. Nilishawahi kumtazama mtu akimenya viazi mpaka njaa ikaniuma. Mjomba hapo nampa nusu alama.

Lakini 2005 huyu "asiye na fani" aliiwakilisha Kanada kwenye maonyesho ya sanaa ya kimataifa ya Venice, Italia, mwanamke wa kwanza wa asilia kufanya hivyo, na video iliyomulikwa juu ya maji yanayoanguka. Mwaka 2017 akaweka hema la marumaru mlimani Athens, likiitazama Akropoli, magofu ya kale ya mji huo.

Ipo moja sijamwonyesha mjomba. 2010, akiwa kwenye kesi na aliyekuwa wakala wake, Belmore alikaa nje ya jumba la sanaa Vancouver na bango: kwa watu wangu nina thamani kuliko dola milioni moja.

Jumapili hii zamu ya pilau ni yangu.