Mchezaji akianguka: tupime mioyo kwanza au tujiandae uwanjani?

Juni 12, 2021, Christian Eriksen, mchezaji soka wa Denmark, alianguka uwanjani Copenhagen bila kuguswa na mtu. Nahodha wake, Simon Kjær, aliwahi kuangalia kama anapumua. Madaktari wakakandamiza kifua, mashine ya umeme ikaushtua moyo, akazinduka. Marc-Vivien Foé wa Cameroon, aliyeanguka Lyon mwaka 2003, hakuamka.

Wanaosema wachezaji wapimwe moyo kabla ya kusajiliwa wana hoja nzito. Uchunguzi ulionyesha misuli ya moyo wa Foé ilikuwa minene kupita kawaida, tatizo ambalo mara nyingi kipimo hulifichua. Italia imelazimisha upimaji tangu 1982, na watafiti wa mkoa wa Veneto waliripoti vifo vya ghafla vya wanamichezo kushuka kwa asilimia 89.

Lakini Uingereza ilipima vijana 11,168 wa soka kati ya 1996 na 2016. Wanane walikufa baadaye kwa matatizo ya moyo, na sita kati yao vipimo vilikuwa vimewaonyesha wazima. Tena moyo wa mwanamichezo hubadilika kwa mazoezi, kwa hiyo bila daktari bingwa wa kusoma majibu, kijana mzima anaweza kuzuiwa kucheza. Mabingwa hao ni wachache mno kwetu.

Ndiyo maana naona fedha kidogo tulizonazo zianzie uwanjani. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila kushtuliwa hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Gari la wagonjwa likizibwa getini na bodaboda za mashabiki, halina msaada. Na kuna kosa linaloniumiza zaidi: moyo ukisimama, mwili unaweza kutetemeka na mtu akawa anakoroma, watu wakadhani ni kifafa. Wanammwagia maji, wengine wanahangaika kumfungua mdomo, huku kifua hakijaguswa. Mchezaji aliyeanguka bila kugongwa na haitiki achukuliwe kuwa moyo umesimama, mikono ianze kukandamiza hapohapo. Hilo mwamuzi, kocha na hata wachezaji wa ndondo wanaweza kufundishwa kwa siku moja.

Upimaji usitupwe. Kuuliza siku ya usajili kama kijana amewahi kuzimia mazoezini, au kama kuna ndugu yake aliyefariki ghafla akiwa bado kijana, hakuhitaji mashine yoyote. Atakayejibu ndiyo, huyo ndiye wa kutafutiwa nauli na ada ya kumwona bingwa.