Kalamu nyingi juu ya maisha ya binti mmoja

Tarehe 10 Agosti 2010 binti wa miaka 10 kutoka Pittsburgh, Pennsylvania, alipanda jukwaa la shindano la televisheni la America's Got Talent akaimba "O mio babbino caro", wimbo wa opera wa mtunzi Mwitaliano Puccini ambao kwa kawaida huimbwa na mwanamke mtu mzima aliyeifunza sauti yake kwa miaka. Jina lake Jackie Evancho. Shindano lilipokwisha alishika nafasi ya pili nyuma ya Michael Grimm, na mwaka haujaisha EP yake, yaani albamu fupi, ya nyimbo za Krismasi ilikuwa imeingia namba 2 kwenye chati ya Billboard 200.

Mtoto akipata jina kwa kasi ile, hapiti muda kabla watu wasiowahi kumwona hata kwa mbali hawajaanza kuandika maisha yake kwenye Wikipedia. Hawalipwi, na wengi wao hutumia majina ya kubuni. Hata hivyo wao ndio wanaoamua mtu akitafuta jina la mtoto huyo asome nini kwanza. Wapo wanaosema wahariri hawa wa kujitolea ni wakali mno wanapokagua makala za wasanii chipukizi, na wapo wanaosema ukali huo ndio kinga pekee aliyonayo msanii. Mimi huhariri Wikipedia ya Kiswahili, kwa hiyo nina upande wangu na sitauficha. Lakini hoja za upande wa pili si nyepesi, na baadhi zimenifanya nibadili namna ninavyofanya kazi.

Tuanze na kazi yenyewe. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, makala ikitakiwa kupewa daraja la "makala nzuri" lazima ikaguliwe na mhariri mwingine ambaye hakushiriki kuiandika. Anaipima kwa vigezo 6: lugha, vyanzo, upana wa habari, kutoelemea upande, utulivu, yaani isiwe inagombewa kila siku, na picha. Juu yake kuna daraja la makala teule, ambako wakaguzi ni kadhaa na kazi inaweza kuchukua wiki nyingi. Mkaguzi anakwenda mstari kwa mstari. Hapa chanzo kiko wapi? Neno hili ni habari au ni sifa? Nani kasema hivi, na alikuwa na maslahi gani? Mwandishi anajibu, anarekebisha, au anabisha.

Sasa chukua makala ya mtoto kama Evancho uone maswali haya yanavyouma. La kwanza, aitwe nani? Mashabiki wengi walimwita mwimbaji wa opera. Mkaguzi makini hawezi kulipitisha neno hilo kirahisi. Mwimbaji wa opera huigiza na kuimba mchezo mzima jukwaani, na kwa desturi sauti yake huijaza nyumba bila kipaza sauti. Evancho aliimba nyimbo mojamoja zilizotolewa kwenye opera, akiwa na kipaza sauti, pamoja na nyimbo za filamu na za kizazi kipya. Muziki wa namna hiyo una jina lake: "classical crossover", yaani klasiki iliyochanganywa na pop. Shabiki akiona neno "opera" limefutwa anahisi mtoto wake kavunjiwa heshima. Mimi naona kinyume chake. Walimu wengi wa sauti huonya kwamba nyimbo nzito za opera hazifai koo la mtoto, kwa hiyo kumtundika cheo hicho akiwa na miaka 10 ni kumtwisha mzigo ambao angelazimika kuutetea kila alipofungua kinywa.

La pili ni yale maneno ya "wa kwanza" na "mdogo kuliko wote". Evancho alitajwa kuwa msanii anayeimba peke yake mwenye umri mdogo kuliko wote kupata tuzo ya platinamu, ya mauzo ya nakala milioni moja, Marekani. Kwamba EP yake ilipata platinamu, hilo lina rekodi. Lakini "mdogo kuliko wote" lahitaji mtu aliyewahesabu wote, na mara nyingi maneno hayo huanzia kwenye taarifa ya kampuni ya kurekodi, yakarudiwa na gazeti moja, likanukuliwa na jingine, mpaka yakaonekana yana vyanzo kumi ilhali chemchemi ni moja. Mkaguzi anayeuliza chemchemi hiyo iko wapi hamwonei wivu mtoto. Anamwondolea sifa ambayo kesho mtu angeweza kuipindua na kumfanya aonekane mwongo kwa jambo ambalo hakulisema yeye.

La tatu ndilo lililonisumbua zaidi. Baada ya ile siku ya kwanza, walizuka watu waliosema binti yule hakuimba, alikuwa akifuatisha midomo kwenye rekodi. Kesho yake, kwenye kipindi cha matokeo, aliombwa afanye zoezi la sauti mbele ya watazamaji, akafanya, mambo yakatulia. Je, hili liwekwe kwenye makala? Anayetaka liwekwe ana hoja: lilitokea hadharani, liliripotiwa, na linaeleza namna watu walivyoshindwa kuamini walichosikia. Anayekataa naye ana hoja: tuhuma ya uongo dhidi ya mtoto wa miaka 10, hata ikiandikwa pamoja na jibu lake, hubaki ikimfuata kama kivuli. Mimi ningeiweka kwa sentensi mbili, ndani ya habari za shindano, bila kuipa kichwa cha habari chake. Kichwa cha habari ndicho kinachogeuza tukio la siku moja kuwa sura ya maisha ya mtu.

Halafu ukaja mwaka 2017. Januari 20, akiwa na miaka 16, Evancho aliimba wimbo wa taifa la Marekani kwenye sherehe za kuapishwa kwa Donald Trump. Jina lake likatumbukia kwenye ugomvi wa siasa za watu wazima. Kwa mkaguzi, swali hapo si kama tukio liwekwe, maana litawekwa. Swali ni uzito. Wiki ile kulikuwa na habari nyingi za wimbo ule mmoja, na aliyepima kwa wingi wa habari tu angeweza kuujaza ukurasa kwa dakika chache za maisha ya binti huyo, huku albamu zake zikibanwa pembeni. Kazi ya mkaguzi ni kukumbuka kwamba magazeti huandika ya leo, kamusi elezo huandika maisha yote ya mtu.

Ukali huu una kisa chake. Mei 2005 mtu asiyejulikana aliandika kwenye makala ya Wikipedia kuhusu mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, kwamba aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya Rais John Kennedy na ndugu yake Robert. Ulikuwa uzushi mtupu, kuhusu mtu aliyefanya kazi na Robert Kennedy na kuwa rafiki yake. Ulikaa pale zaidi ya miezi minne. Seigenthaler alipolieleza jambo hilo kwenye gazeti la USA Today, mwishoni mwa Novemba mwaka huo, Wikipedia ilitikisika. Baadaye ikaja sera mahususi juu ya makala za watu walio hai: neno lenye utata lisilo na chanzo kizuri liondolewe papo hapo bila kusubiri majadiliano. Tarehe kamili ya kuzaliwa isiwekwe kama haijachapishwa kwa upana, au kama mwenyewe amelalamika. Mkaguzi anapomkatalia shabiki tarehe ya kuzaliwa ya mwimbaji chipukizi, anamlinda mtu ambaye bado anaishi mtaani kwao na bado ana walimu na majirani.

Sasa upande wa pili. Wikipedia ina mizani yake ya kuamua nani astahili makala. Mwimbaji anaweza kuingia akifika kwenye chati ya taifa, akipata tuzo kubwa, akishika nafasi tatu za juu kwenye shindano kubwa la muziki, au akiandikwa kwa kina na vyanzo kadhaa visivyo na uhusiano naye. Evancho alikuwa navyo karibu vyote, kwa sababu nchi yake ina chati, ina magazeti, ina watu wanaohesabu mauzo. Mizani hiyo ilitengenezwa na watu wa nchi hizo. Tafiti za Wikimedia yenyewe, shirika linaloendesha Wikipedia, zimeonyesha mara kwa mara kwamba wengi wa wahariri ni wanaume. Na mizani imewahi kukosea vibaya: Mei 2018 rasimu ya makala ya mwanafizikia Donna Strickland ilikataliwa kwa madai kwamba vyanzo havitoshi. Oktoba mwaka huohuo akapata Tuzo ya Nobel. Kama mizani ilimkosa yeye, itamwona vipi binti wa Tandale mwenye nyimbo tatu?

Kwetu tatizo lina sura yake. Mtazame Zuchu, mwimbaji wa Tanzania. Alisainiwa na lebo ya WCB Wasafi Aprili 2020, akiwa na miaka 26, mtoto wa Khadija Kopa, malkia wa taarabu. Habari zake zilikuwa kila mahali, lakini sehemu kubwa zilipita Wasafi FM na Wasafi TV, vyombo vyenye mkono wa Diamond Platnumz, mwenye lebo. Mwamba ngoma huvutia kwake. Kwa kanuni za ukaguzi, mahojiano hayo hayawezi kuthibitisha umaarufu, hata kama nchi nzima iliyasikiliza. Zuchu alivuka, maana na wengine walimwandika. Msanii aliye chini yake, ambaye redio ya mkoani imempiga miaka miwili na hakuna gazeti lililomgusa, hana pa kushika. Redio haiachi tanbihi. Kipindi kikiisha, ushahidi umeondoka na upepo.

Wala hili si la vijana pekee. Bi Kidude aliimba kwa miongo mingi, akafariki 17 Aprili 2013, na hadi leo mwaka wake wa kuzaliwa hauna hati. Wengi walisema alipita miaka 100. Mhariri anayedai cheti hatakipata. Afanye nini, afute? Makala nyingi zimeandika "inakadiriwa", na hapo ndipo ninapoona njia: kanuni haikuvunjwa, ila ilikubali kwamba ujuzi wa Unguja huishi kwenye vinywa vya watu kabla ya kufika kwenye karatasi.

Kwa maoni yangu, wanaobishana juu ya ukali huu huchanganya vitu viwili. Upo ukali wa mlangoni, wa kuamua nani aingie, na upo ukali wa ndani, wa kuamua nini kisemwe juu ya aliyekwisha ingia. Ule wa ndani sioni pa kuulegeza hata kidogo, na kadiri msanii alivyo mdogo ndivyo uzidi. Ule wa mlangoni ndio unaowaumiza watu wetu, na nadhani ulegezwe kwa kupanua aina za vyanzo, si kwa kuvipuuza. Taarifa za BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa la Tanzania, ratiba na vitabu vya tamasha la Sauti za Busara, tahakiki za wanafunzi na walimu wa Kiswahili na muziki vyuoni, hivi vipo na havimilikiwi na lebo. Tunavitumia kidogo mno kwa sababu tumezoea kutafuta kwa Kiingereza na kuishia ukurasa wa kwanza wa matokeo.

Hata hivyo sitaki kusema mlango uwe wazi kwa kila mtu. Kuna mtu mmoja ambaye mlango mgumu unamfaa: mtoto. Mwimbaji wa miaka 11 aliyesambaa mtandaoni kwa wiki moja hahitaji makala. Akiwa hana ukurasa, hakuna wa kuuchafua, na akikua akachagua kazi nyingine hatakuta ukurasa unaomkumbusha kila mwajiri wimbo aliouimba utotoni. Kwa msanii wa miaka 22 anayetafuta mapromota, kucheleweshwa mlangoni ni hasara. Kwa mtoto, kuchelewa ni huruma. Kanuni moja, watu wawili, matokeo mawili tofauti, na programu haiwezi kuyatenganisha. Panahitajika mtu anayesoma na kufikiri.

Na watu hao kwetu ni wachache. Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003, ina makala maelfu kwa maelfu, lakini wakabidhi wake, yaani wasimamizi, ni wa kuhesabu. Hatuna foleni ya wakaguzi kama wenzetu. Makala ya msanii inaweza kuwekwa leo na ndugu yake, na isisomwe na mtu mwingine kwa mwaka mzima.

Hivi karibuni nilikutana na makala moja ya namna hiyo. Binti wa Bongo Fleva, nyimbo mbili, ukurasa umejaa sifa, jina la mpenzi wake, shule aliyosoma, na tarehe ya kuzaliwa iliyomfanya awe hajafikisha miaka 18. Chanzo kilikuwa kiungo cha video pekee. Nilifikiria kuipeleka "Makala kwa ufutaji", ukurasa wa kujadili makala zinazopendekezwa kufutwa. Nikaondoa mpenzi, nikaondoa shule na tarehe, nikafuta sifa zote, nikabakiza mistari mitatu yenye jina lake la kisanii, mkoa na wimbo wa kwanza. Kisha nikaandika kwenye ukurasa wa majadiliano kuuliza kama kuna mwenye gazeti au tangazo la tamasha linalomtaja. Hakuna aliyejibu bado. Mwisho wa mwezi nitarudi, na kama hapatakuwa na kitu, nitaomba ifutwe mpaka akue.