Sikumshika Fundi Tumbo, Nilimshika Bega

Kabla ya yote: tumbo sikumshika. Nilimshika bega. Aliyewaambia kwamba nilimlaza fundi chali nikamminya tumbo huku nikimwuliza "hapa je?" ni rafiki yangu mmoja ambaye nitamwita Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Redio naye alikuwa kwenye usaili wangu wa kuomba kusoma famasia chuoni, na alichokiona ni sekunde kumi kupitia kioo cha mlangoni. Sekunde kumi! Lakini Jumamosi kwenye sendofu ya binti wa watu hapa Leicester nimeitwa "dokta wa mabomba" na mpiga picha ambaye hata simjui. Kwa hiyo nasimulia mwenyewe, aibu ikiwa bado ya moto, kabla toleo la Redio halijafika Tanga.

Kwa mlio nyumbani: huku Uingereza ukiomba kusoma famasia, alama peke yake hazitoshi, lazima wakuite wakuone. Mjomba wangu ana duka la dawa muhimu Muheza, na nilipomwambia naenda kwenye usaili akashangaa. "Usaili wa nini, mjomba? Unaomba shule au unaomba kazi?" Kwake yeye matokeo ya kidato cha sita ndiyo yanayokusemea, basi, imeisha. Nikamweleza kwamba mfamasia wa huku siku hizi hakai nyuma ya kaunta akihesabu vidonge tu. Tangu Januari 31, 2024, kwa England, anaweza kukutibu magonjwa saba bila wewe kumwona daktari kwanza: koo, sikio, sainasi, mkanda wa jeshi, vidonda vya usaha vya ngozi, mdudu akikung'ata pakaingia vijidudu, na UTI kwa kina mama. Hayo saba nilikuwa nimeyakariri kama juzuu amma. Ungeniamsha saa nane za usiku ningeyataja kwa mpangilio. Kumbukeni hilo, tutalihitaji.

Usaili wenyewe ni wa vituo. Unasimama nje ya mlango, una dakika mbili za kusoma karatasi yenye kisa, kengele inalia, unaingia, una dakika tano za kujieleza, kengele inalia tena, unahamia mlango mwingine. Sisi tulikuwa na vituo sita. Mtindo huu ulianzia Canada, chuo cha McMaster, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa ajili ya wanaoomba udaktari. Nimewasamehe. Ndani ya baadhi ya vyumba kuna mwigizaji anayejifanya mgonjwa au mteja, na pembeni msaili kakaa na karatasi zake anakupa alama.

Na hapa ndipo Redio aliponiharibia maisha. Tukiwa kwenye treni, anatafuna karanga, akaniambia kwa uhakika kabisa: "Ukikuta mtu ambaye hafanani na mwalimu, ujue ni mwigizaji. Na usitegemee atacheka au atakwambia ukweli. Hata ukimkuna nyayo, hatoki kwenye uhusika."

Nikalishika neno hilo kama hirizi.

Vituo vitatu vya kwanza, jamani, nilikuwa moto. Cha kwanza: kwa nini famasia, kwa nini usisome udaktari? Nikawaeleza duka la Mjomba, na watu wanaokuja kununua vidonge vinne vya antibiotiki kwa sababu hela imeishia kwenye vinne, na jinsi Mjomba anavyobishana nao mpaka jioni. Msaili akaacha kuandika akawa ananisikiliza. Cha pili hesabu: mtoto anatakiwa apewe miligramu 180, dawa ya maji ina miligramu 120 kwa kila mililita 5, utampimia ngapi? Mililita saba na nusu, mama yangu, hata kiti sijakivuta vizuri. Cha tatu mnakaa mgongo kwa mgongo, unamwelekeza mwenzako achore picha ambayo yeye haioni. Alichora meli. Ilikuwa nyumba, lakini tulielewana vizuri.

Kichwa kikavimba. Nikatembea kuelekea kituo cha nne kama mtu ambaye koti jeupe limeshakatwa kwa vipimo vyake.

Sasa nisikilizeni vizuri. Karatasi ya kituo cha nne ilibandikwa ukutani, katikati ya milango miwili. Katikati! Aliyeibandika pale atajibu siku ya Kiyama. Ilisema hivi: mteja amefuata dawa yake mara tatu na bado haijawa tayari, amekasirika, zungumza naye. Nikasoma mara mbili, nikapumua, nikaweka sawa suti ya binamu yangu ambayo mabega yake yananitangulia kufika. Kengele. Nikaingia mlango wa kushoto.

Mliosikia toleo la Redio mnajua kwamba mlango wenyewe ulikuwa wa kulia.

Ndani nikamkuta mzee wa makamo kanipa mgongo, kapiga goti juu ya taulo lililokunjwa, ovaroli ya bluu, spana mkononi, ndoo pembeni. Mbele yake ile hita ya ukutani, ya chuma, inayopitisha maji ya moto. Chumba kilinuka kutu. Mnadhani nilishtuka? Nilivutiwa. Nikasema moyoni, hawa watu wana bajeti, mpaka ndoo wameleta! Msaili hakuwepo, nikamtafuta kwa macho, nikaona darini kale kadude ka kunusa moshi, kanawaka taa nyekundu. Aha, kamera. Nikakatabasamia.

Mzee hakugeuka. Akasema, "Hatimaye wameleta mtu! Nimepiga simu mara tatu!"

Mara tatu. Karatasi ilisema mara tatu. Moyo wangu ukatulia tuli.

(Yeye, kumbe, alikuwa amelalamika ofisi ya majengo, na alipoona suti na kitambulisho shingoni akajua ndiyo mimi. Hilo nimelijua baadaye, wakati halinisaidii kitu.)

Nilikuwa nimesoma kwamba mtu mwenye hasira usimsimamie kichwani, shuka mpaka macho yenu yalingane. Nikapiga goti kando yake. Zulia lilikuwa limelowa chapachapa, na nikahisi maji yakipanda kwenye suruali ya binamu taratibu kama mafuta kwenye utambi. Sikutikisika.

"Pole sana," nikamwambia. "Naona jambo hili limekuchosha."

"Limenichosha? Niko nalo tangu Jumatatu."

"Tatizo ni nini hasa?"

"Imeziba. Haipitishi kitu."

Ndugu zangu. Nikapekua magonjwa yangu saba kichwani, koo, sikio, sainasi, mpaka mwisho, nikarudi mwanzo. Kufunga choo hakumo. Lakini nikajiambia, tulia, dawa ya kulainisha choo inauzwa hata bila cheti. Na wauza dawa wa huku wana maswali yao matano ya kaunta: ni kwa ajili ya nani, dalili gani, tangu lini, umechukua hatua gani, unatumia dawa gani. Tangu lini ameshaijibu mwenyewe. Nikaanza na mengine.

"Samahani kwa kuuliza. Ni yako mwenyewe, au ya mtu mwingine?"

Akageuza nusu uso. "Yangu? Ya chuo hiyo. Mimi nimebebeshwa tu."

Nikaandika kichwani: mgonjwa anaona aibu, analaumu mazingira.

"Na zaidi ya kuziba, kuna dalili nyingine?"

"Juu moto, chini baridi. Usiku inanguruma mpaka walinzi wanalalamika."

Nikatikisa kichwa kwa huruma. Maskini, kumbe analala kazini.

"Umeshachukua hatua yoyote?"

"Nimeigonga na nyundo mara mbili tatu."

Hapo nywele zilinisimama. Lakini kwenye famasia hutakiwi kumhukumu mtu. Nikameza mate, nikamwuliza kwa sauti ya chini:

"Ilisaidia?"

"Kidogo."

"Na dawa je? Umetumia dawa yoyote?"

"Jana nimemimina lita nzima."

"Lita?"

"Chupa ndivyo inavyosema. Unamimina yote, unaiacha izunguke."

Nilitaka kukitazama kile kikamera nione kama wao wamesikia. Lita ya dawa ya kulainisha choo, mtu mmoja, kwa mkupuo. Nikauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza: baada ya lita hiyo, kuna chochote kilichotoka?

"Kilitoka. Cheusi tii. Kama lami."

Mimi hapa, badala ya kushtukia, nilifurahi. Nawaambia ukweli, nilifurahi! Kwa sababu choo cheusi kama lami ni dalili ya hatari, inaweza kuwa damu inayovuja tumboni, na nilijua huu ndio mtego wa kituo chenyewe, kwamba wanataka kuona kama utamuuzia mtu dawa ya kulainisha choo ilhali anatakiwa akimbizwe hospitali. Nikakumbuka pia kwamba vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi. Mwanafunzi wa wastani asingekumbuka hilo.

"Unatumia chuma?"

Akanitazama kwa muda. Akaitazama hita. "Kijana, yote ni chuma."

Basi nikaweka mkono begani kwake. Bega! Redio, bega! Nikamwambia taratibu, kwa sauti ya imamu anayefariji wafiwa: "Mzee wangu, hili si la kusubiri. Inawezekana unavuja damu kwa ndani. Nataka uende hospitali leo hii, na usiende peke yako."

Kimya.

Ndani ya ndoo likadondoka tone. Likafuata jingine. Niliona nyusi zake zikikutana, zikaachana, moja ikabaki juu. Akautazama mkono wangu begani. Mkono haukuondoka, nilikuwa nimesoma kwamba mguso wa heshima hutuliza. Ni katika sekunde hizo, kwenye kioo cha mlango, uso wa Redio ulipopita.

"Kijana," akasema mzee, "unazungumzia nini?"

"Choo chako," nikamjibu kwa upole.

Akainua spana. Akaigonga hita. Ngo. Ngo. Ngo. "Mimi nazungumzia hii."

Na hapa, jamaa zangu, ningeweza kuokoka. Njia ya kutokea ilikuwepo, ningesema samahani nikaondoka na nusu ya heshima yangu. Lakini neno la Redio lilikuwa limeniganda: hatoki kwenye uhusika. Kwa hiyo nikainamisha kichwa kidogo upande, nikamwangalia machoni, nikasema:

"Naelewa. Wakati mwingine ni rahisi zaidi kuzungumzia hita."

Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Nyundo nimesahau, lita nimesahau. Hilo, hapana.

Mlango ukafunguliwa na mama mmoja mwenye karatasi mkononi, kahema, anauliza nimepotelea wapi, wananisubiri chumba cha pili. Zilibaki dakika moja na ushee. Nikaingia kule, goti jeusi, nikamkuta mwigizaji wa kweli, mama mtu mzima, kafura, akanipigia kelele kwamba amezungushwa mara tatu. Nikafungua mdomo nimpe pole. Badala ya pole kikatoka kicheko. Nilicheka mpaka machozi, nimeshika ukingo wa meza, na yule mama, mtaalamu wa kazi yake, akaniuliza, "Unanicheka?" Nikazidi. Kengele.

Cha tano na cha sita nilikuwepo kimwili. Cha sita kiliuliza nini hata leo sijui. Tulipotoka nje fundi alikuwa kaegemea gari lake anakunywa maji kwenye chupa kubwa, akainyanyua juu kunionyesha kwamba anakunywa ya kutosha. Kwenye treni Redio alicheka mpaka jirani yetu akahama kiti. Ijumaa Redio kapata barua pepe, kapewa nafasi kwa sharti la alama. Yangu inasema bado wanashughulikia.

Mama ndiye pekee ambaye hakucheka. Nilimsimulia yote, akasema "pole, mwanangu," akaenda zake kazini kuangalia wazee wa watu. Asubuhi ya leo karudi, bado na sare, kachoka, kakaa karibu na hita ya sebuleni avue viatu. Akaigusa juu. Akaigusa chini. Akakaa kidogo, kisha akaniita.

"Baba, njoo. Huyu mara ya mwisho kapata choo lini?"